Mlango wa Fundi Mwale

Vijana wangu wa karakana, kiti mlichonipa siku ya kuniaga ndicho nilichokalia sasa ninapoandika. Mguu wake wa nyuma, wa kushoto, ni mfupi. Siku ile sikusema kitu kwa sababu meneja alikuwa bado anahutubia na ninyi mlikuwa mmevaa mashati yenu ya Jumapili. Nimeweka kipande cha kibao chini yake, kimetulia. Lakini mjue kwamba nimeona.

Mliniomba niwaandikie habari za kazi. Vyeo nitaviacha, maana nilivyopata mnavijua na havikuniongezea akili. Nitaandika juu ya karakana yangu ya kwanza, kule mgodini upande wa Geita, kabla sijarudi huku Shinyanga kwenye kinu cha pamba mliponikuta. Si ule mgodi mkubwa mnaousikia. Huu ulikuwa mdogo, wa pembeni, na siku hizi umefunikwa na vichaka. Nitawaeleza hasa juu ya watu wawili walionifundisha kushika randa. Wote wawili walikuwa wageni. Redio siku hizi hutaja "wataalamu kutoka nje", halafu katika habari inayofuata hutaja "wahamiaji", na kila nikisikia hivyo nawakumbuka wale wawili na moyo unaniuma.

Nilizaliwa Samuye. Vita vya pili vya Wazungu vilipokwisha nilikuwa kijana wa kuchunga, na mwaka ule ugonjwa ukaingia zizini kwa baba, ng'ombe wakaisha. Baba akaniambia, "Masanja, huku hakuna tena cha kuchunga, nenda kule wanakochimba." Nikaenda. Langoni waliniuliza najua kazi gani, nikasema useremala, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alisema hivyo wakampitisha. Uongo huo wa kitoto ndio ulionilisha maisha yangu yote.

Karakanani nilipewa ubao na msumeno. Nilivyoushika ule msumeno kama panga la kufyekea, mafundi wote waliacha kazi wakanitazama. Mmoja akasema, "Jamani, Msukuma amekuja kuua nyoka!" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Asiyecheka alikuwa mtu mmoja mrefu, mweusi sana, mwenye aproni iliyokwisha kabisa. Alinisogelea, akanyoosha kidole changu cha shahada juu ya mpini wa msumeno, akasema, "Kidole kinaonyesha njia, mkono unafuata. Usiubane. Mti hautaki vita." Huyo ndiye Fundi Mwale.

Mwale alikuwa Mnyasa, mtu wa Nyasaland, kule kusini. Useremala alijifunza misheni kwao, akatoka akiwa kijana kufuata dhahabu, kwanza Lupa, halafu huku kwetu. Alikuja kwa miguu, sanduku la vyombo kichwani. Kambini alimwoa binti wa Kizinza wa kijiji kilichokuwa ng'ambo ya bonde, wakapata mtoto wa kike, Esteri, na kuanzia hapo wengi walimwita Baba Esteri. Mimi sikuacha kumwita Fundi.

Mtu wa pili alikuwa msimamizi wa karakana, Mzungu. Jina lake halisi tuliliona tu limepakwa rangi juu ya makasha yake. Sisi tulimwita Bwana Pima, kwa kuwa ungemletea kitu kizuri namna gani angekitazama, akashika kidevu, akasema, "Pima tena." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi kweli. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Yeye na Mwale waliingia mgodini mwaka mmoja, na walipofanya kazi pamoja kwenye meza moja hawakuhitaji kusemezana. Huyu akinyoosha mkono, yule ameshampa patasi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kukata magogo ya kuegemeza mwamba huko chini shimoni. Tulishuka mara kwa mara kuyapachika, na vumbi la mwamba tulilila sote. Nje ya hayo tulitengeneza makasha ya aina mbili. Mzungu akienda likizo au akimaliza mkataba, tulimtengenezea makasha ya kusafirishia vitu vyake: lori mpaka ziwani, meli mpaka Mwanza, halafu treni mpaka Dar es Salaam na huko baharini. Na mfanyakazi wa kambini akifa, tulitengeneza jeneza. Mbao zilikuwa zilezile, misumari ileile.

Siku ya jeneza la kwanza nililosaidia kutengeneza nilimkuta Mwale akipiga randa upande wa ndani. Nikamwambia, "Fundi, huko ndani nani ataona?"

"Yeye," akasema, akaendelea.

Yule tuliyemtengenezea alikuwa mtu wa Urundi, aliyeangukiwa na jiwe. Asubuhi alifariki, na kabla ya king'ora cha mchana nyapara alikuwa amekwisha kumweka mtu mwingine katika chumba chake. Chumba kilikuwa cha kampuni, mlango wa kampuni, hata komeo la kampuni. Wenzake walitaka kukaa wamlilie kidogo, hawakuwa na pa kukaa. Wakasimama pale bombani, wanawake wanateka maji, wengine wanafua, na wao wanalia katikati ya ndoo za watu. Kisha akazikwa kule nyuma ya lundo la mchanga wa mgodi, mahali palipoitwa makaburi ya wageni. Tulipokuwa tunarudi Mwale alisema, "Umeona, Masanja? Mtu asiye na mlango hana mahali pa kuliliwa." Nilikuwa kijana, na nilijua kwamba nikifa watanilia Samuye, kwa baba.

Sasa niwaambie juu ya sanduku. Pembeni mwa karakana, chini ya turubai, Mwale alikuwa na sanduku kubwa la mninga ambalo alilitengeneza saa za mapumziko. Bwana Pima alimruhusu kuchukua mbao zilizobaki. Kona zake hazikuwa na msumari hata mmoja. Zilichongwa meno yanayoumana, kama mtu aliyefumbata vidole vya mikono yake miwili. Mimi mpaka leo sijaweza kuchonga kona namna ile, na ninyi ndiyo kabisa, msinikasirikie. Ndani yake alikunja kanga na blanketi la sufu, na kila mwaka aliongeza kitu. Vitu vile vilikuwa vya mama yake.

"Amayi yuko hai," aliniambia. Amayi kwao ni mama. "Watu wanaokuja kutoka kule hunipa habari zake. Macho yamepungua, lakini hunitaja. Nikienda likizo nitaenda na sanduku hili, aliguse aseme, mwanangu amekuwa fundi."

Ikapita likizo ya Bwana Pima, akaenda kwao miezi mingi akarudi amenenepa. Ikapita miaka, ikaja likizo nyingine, akaenda tena. Sanduku la Mwale liko palepale. Mimi kwa ujinga wangu wa Kisukuma nikauliza mbele ya wote wawili, tukinywa chai, "Ninyi mabwana wote wageni hapa, mmefika mwaka mmoja, kazi moja. Kwa nini mmoja anaenda kwao kila mara na mwingine haendi?"

Mafundi wengine waliinamia vikombe. Bwana Pima alikuwa mwekundu tangu kuzaliwa, lakini hapo alizidi. Aliweka kikombe chini, akamwambia Mwale, "Kesho sisi kwenda ofisi."

Kesho yake walikwenda, na mimi nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa narekebisha fremu ya dirisha la ofisi hiyohiyo iliyovimba kwa mvua. Meneja hakuwa mtu mkali. Alikuwa anakoroga chai. Bwana Pima akasema kwa lugha yao, karani akamtafsiria Mwale: anaombewa likizo na nauli ya kwenda Nyasaland kumwona mama yake, kisha arudi kazini.

Meneja akauliza, "Huyu aliandikwa wapi?"

"Langoni, bwana," karani akasema.

"Basi kwao ni langoni."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema kama mtu anayekueleza duka linafungwa saa ngapi. Bwana Pima akagonga meza, akasema, "Tumeingia mwaka mmoja, na huyu ni fundi kunizidi." Meneja akamtazama kwa huruma, karani akatafsiri kwa sauti ya chini: "Wewe tulikuita. Huyu alikuja." Kama anataka kwenda aende, nafasi yake itachukuliwa na mwingine, na familia itoke katika nyumba ya kampuni.

Mwale alimshukuru. Ndiyo, alishukuru, akavua kofia na kusema, "Zikomo, bwana," kwa lugha ya kwao. Alipopita dirishani pangu nikajifanya nimeinamia bawaba. Nilitamani kumkimbilia, lakini mkubwa akidhalilishwa, mdogo hamtazami usoni.

Kwa hiyo alikuwa amefungwa pande zote. Akienda kumwona mama, mke na Esteri wanatupwa nje. Akibaki, mama anaisha kwa kumngoja. Mama Esteri alimwambia mbele yangu, "Baba Esteri, wewe nenda. Mimi nitarudi kwa kaka yangu, nitalima." Mwale akatikisa kichwa. "Na nikifia njiani, mtoto ataambiwa na nani baba yake alikuwa nani?" Akaamua kungoja kidogo. Alisema mpaka Esteri akue kidogo. Mnajua wenyewe hiyo kidogo huwa ndefu namna gani.

Habari ilikuja na Mnyasa mmoja aliyekuwa anapita kutafuta kazi. Alikuja mpaka mlangoni mwa karakana, akavua kofia, akasema na Mwale kwa lugha yao maneno machache tu. Mwale akamwitikia, akampa maji ya kunywa, akamwelekeza kwa nyapara. Halafu akarudi mezani akamaliza kupiga randa ubao aliokuwa nao. Mimi nilidhani ni salamu tu. Alipomaliza ndipo akasema, bila kumwelekea mtu, "Amayi amekwisha kuzikwa. Tangu mavuno yaliyopita."

Mavuno yaliyopita! Miezi yote hiyo alikuwa akikunja kanga za marehemu. Nikalia mimi, yeye hakulia.

Jumatatu iliyofuata nilipoingia karakanani nilisikia msumeno. Turubai lilikuwa chini. Mwale alikuwa amelilaza sanduku juu ya meza na anazikata kona zake. Zile kona! Nilipiga kelele, "Fundi, unafanya nini? Jamani, Fundi!" Nikamshika mkono. Akauondoa mkono wangu polepole.

"Mwangaluka, Masanja," akanisalimu kwa Kisukuma changu, kama kila asubuhi. "Nishikie upande ule, ubao usipasuke."

Nikashika. Ningefanya nini? Vile vipande vya kona vikaanguka sakafuni, meno kwa meno, na yeye akaviokota akavitia kwenye moto chini ya sufuria ya gundi. Sijawahi kuchemsha gundi tangu siku ile bila kuviona. Kisha akachora kwa chaki juu ya meza: fremu ndefu, ndani yake nafasi za vibao. Mfuniko wa sanduku ukawa kibao cha juu, mbavu zake zikawa vya chini. Alikuwa anatengeneza mlango.

"Shemeji yangu amenipa kiwanja kule kijijini," akasema. "Nyumba ya udongo tu, na nyasi. Lakini mlango utakuwa huu. Siku yangu ikifika, watu wasisimame bombani."

Bwana Pima alikuja, akaona, akaelewa. Alishika kidevu. Tulingoja aseme neno lake, hakulisema. Akaenda stoo akaleta bawaba nzito za shaba na kuziweka mezani pembeni mwa Mwale.

Nyumba ilisimama kabla ya mvua. Ilikuwa nyumba kama nyingine zote za Wazinza pale, ila ina mlango kama wa kanisa. Watu walitoka vijiji vingine kuja kuutazama. Shemeji yake Mwale, yule aliyempa kiwanja, ambaye alivua samaki huko Nkome ziwani na alikuwa na mzaha mwingi, alisema, "Sasa mwizi akija ataiacha nyumba achukue mlango." Kila aliyebisha pale alibisha kwa heshima, akigonga kwa kidole kimoja. Wazee wa kijiji walizoea kwenda kwake jioni, mmoja amevunjikiwa na mpini wa jembe, mwingine kiti. Hodi kwa Mwale, karibu. Hodi kwa Mwale, karibu. Nilidhani sasa ametulia. Lakini kila Jumapili nilimkuta amekaa kizingitini ameelekea kusini.

Baada ya hapo mkataba wa Bwana Pima ukafika mwisho, na safari hii ilikuwa ya kutorudi. Tukamtengenezea makasha. Mwale alisimamia mwenyewe, akapiga randa na ndani. Wazungu walimfanyia karamu na picha. Lakini Jumapili ya mwisho Bwana Pima alikuja kijijini peke yake, kwa miguu, akabisha kwa Mwale. Nilikuwepo. Tulimpa kiti, chai na viazi vitamu. Akala, kisha akasema, "Mwale, mama yangu kufa wakati wa vita. Nyumba yake kwisha kuuzwa. Mimi kwenda kaa kwa dada, chumba kimoja, juu."

"Pole, bwana," Mwale akasema. Na najua alimwonea huruma ya kweli, ingawa ningekuwa mimi sijui.

Alipoaga, Bwana Pima alisimama mbele ya mlango. Alipitisha kidole gumba juu ya kibao cha juu, pale ambapo palibaki alama ndogo ya komeo la sanduku. "Hapa hapana pima tena," akasema. Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. Halafu akashuka bondeni, mtu aliyeitwa, aliyelipiwa nauli ya kuja na ya kurudi, na anakokwenda hakuna anayemngoja. Mwale alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye mihogo.

Kikohozi cha Mwale kilianza mwaka huohuo. Lile vumbi. Msimamizi mpya hakumjua, akamwondoa kazini pumzi ilipopungua, na kwa kuwa aliandikwa langoni, langoni ndipo alipoachwa. Nashukuru Mungu kwamba kufikia hapo nyumba ilikuwepo. Nilikuwa nakwenda kumwona kila baada ya kazi. Siku moja aliniambia, "Masanja, jeneza langu usilifanye kwa mninga. Mninga wapewe wanaoishi." Nikamwambia nyamaza, Fundi, utapona. Alicheka, ikawa kikohozi.

Alikufa asubuhi, mimi nikiwa kazini. Jeneza nilitengeneza mwenyewe, sikumruhusu mtu kushika. Nilipiga randa ndani mpaka viganja vikaniwaka. Machozi yaliingia kwenye mbao na nikayaacha.

Hawakumpeleka kule nyuma ya lundo la mchanga. Alizikwa kiwanjani kwake, ubavuni mwa nyumba. Watu walikaa pale siku zote za msiba, uani, kizingitini, kila mahali, na hakuna aliyesimama bombani. Mama Esteri alikuwa na shughuli za kupokea watu, sikumwona akilia hata mara moja. Alikuwa mkavu, macho makubwa, Esteri amemshika kanga.

Kaburi lilipokwisha kufunikwa, mzee wa kijiji, mwanangwa kama tunavyomwita huku, akasimama kusema. Alikuwa mtu mwema, alikuwa akija kwa Mwale karibu kila jioni. Akamsifu sana: ufundi wake, upole wake, kwamba hakugombana na mtu. Mwishoni akasema, "Basi ndugu zangu, leo tumemsitiri mgeni wetu. Mungu amrudishe salama kwao."

Watu wakaitikia amina. Mama Esteri akainuka.

"Mgeni?" akasema. Sauti haikuwa kubwa, lakini kila mtu aliisikia. "Baba, mgeni nani? Mgeni ndiye anayebisha hodi. Mlango huu mliokuwa mnaubisha miaka yote hii, ulikuwa wa nani?"

Kaka yake akamvuta kanga akae. Hakukaa. Akaenda mlangoni, akaingia ndani, akaufunga. Mwanaume mmoja akanong'ona kwamba huyu mama amechanganyikiwa, akanyamazishwa.

Mzee mwanangwa alisimama pale kwenye udongo mbichi, fimbo mkononi. Kisha akavua kofia. Akatembea polepole katikati ya watu mpaka mlangoni, akainua kidole kimoja, akagonga juu ya kile kibao kilichokuwa mfuniko wa sanduku.

"Hodi kwa Mwale," akasema.

Tulingoja.

"Hodi kwa Mwale."

"Karibuni," Mama Esteri akajibu kutoka ndani, na ndipo tukamsikia analia.